Aibu ya Maiti Aijuaye Mwosha: Mitandao ya Kijamii na Heshima ya Mchangiwa

Wahenga walinena kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aghalabu methali hii hutajwa mtu anapotaka kusema kwamba siri ya jambo huijua yule aliye karibu nalo. Hata hivyo, imebeba pia maana ya pili isiyotiliwa mkazo sana: mwosha huijua aibu, na kwa kuwa anaijua, ndiye mwenye jukumu la kuisitiri. Desturi ya kusaidiana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilijengwa juu ya msingi huo. Palikuwa na mtu wa karibu aliyeiona shida kwa macho yake, akaithibitisha mbele ya wengine, lakini hakuianika yote. Hoja ya makala haya ni kwamba mitandao ya kijamii haijaupunguza ukarimu wa Wakenya, pengine imeuongeza. Kilichopungua ni mwosha. Nafasi yake imetwaliwa na picha, na gharama ya mabadiliko hayo inalipwa na mhitaji mwenyewe.

Daftari la kamati

Mtaa wa Kabiria, ulioko Dagoretti magharibi mwa jiji la Nairobi, jirani na Riruta, Kawangware na Waithaka, unafaa kuwa kielelezo cha jambo hili. Ardhi ya Dagoretti ilikuwa mashamba ya Wakikuyu kabla ya jiji kupanuka na kuyafikia. Baadaye wenye mashamba walijenga nyumba za kupangisha, na wapangaji wakaja kutoka pembe nyingi za nchi. Katika ploti moja mlango wa kwanza huweza kuwa wa fundi kutoka Kakamega, wa pili wa mama mboga kutoka Murang'a, na wa tatu wa mlinzi kutoka Kitui. Watu kama hao hawana ukoo mmoja wala kaburi la pamoja. Kinachowaunganisha ni ukuta, mfereji wa maji na shida. Anapofariki mmoja wao, maiti yake husafirishwa hadi nyumbani mashambani, na gharama ya jeneza, gari na chakula cha waombolezaji haiwezi kubebwa na mlango mmoja. Kwa hiyo mchango katika mtaa kama huu si hisani ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Ni bima ya watu wasio na bima.

Kabla ya simu ya mkononi kuenea, bima hiyo iliendeshwa kwa kukutana. Kamati ya mazishi iliteuliwa, ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila jioni watu walikusanyika penye msiba, na wenye uwezo zaidi wakakutana katika hoteli na kumbi za katikati ya jiji baada ya saa za kazi. Habari ilipelekwa kwa mdomo, kwa barua iliyotumwa na dereva wa basi, au kwa matangazo ya vifo katika Idhaa ya Taifa ya redio ya KBC. Michango iliandikwa katika daftari. Kadi ya mchango ilizungushwa ofisini, na asiyekuwa na kitu siku hiyo alitumwa kuchota maji, kupasua kuni au kukesha na wafiwa. Ndiyo kusema, kushiriki kulikuwa na milango mingi, na fedha ilikuwa mmoja tu kati yake.

Haifai hata hivyo kuyapamba ya kale kupita kiasi. Harambee, mwito ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa kaulimbiu ya taifa wakati wa uhuru mwaka 1963 na ambao umeandikwa katika nembo ya taifa, ilijenga shule na zahanati nyingi. Lakini pia iligeuzwa jukwaa la wanasiasa kutangaza mabunda ya noti ambazo chanzo chake hakikuulizwa. Ndiyo sababu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea maafisa mipaka katika kuomba michango, na ndiyo sababu Rais William Ruto alitangaza Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, kwamba maafisa wa umma wasishiriki tena katika harambee. Isitoshe, jirani si malaika. Kamati za mitaani zimewahi kuwanyima wapangaji wageni, na masengenyo ya ploti yamewahi kumwumiza mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Pamoja na kasoro hizo, mfumo wa daftari ulikuwa na sifa moja kubwa: aliyeomba hakuwa mwenye shida. Aliombewa.

Simu yaingia

Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa, na tangu hapo mkono unaotoa haukuhitaji tena kufika mahali pa kutolea. Miaka iliyofuata ilileta Facebook, Twitter ambayo tangu 2023 inaitwa X, kisha WhatsApp na TikTok. Mtandao ulibeba habari ya shida, na simu iyo hiyo ikabeba fedha. Hapana nchi nyingi ambamo mambo hayo mawili yaliungana mapema na kwa ukamilifu kama Kenya.

Manufaa yake hayana ubishi. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika, picha za watu waliodhoofika kwa njaa huko Turkana ziliwashtua Wakenya. Mwezi wa Julai mwaka huo ukaanzishwa mchango wa Kenyans for Kenya, uliowaunganisha Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, vyombo vya habari na makampuni. Lengo la awali lilikuwa shilingi milioni 500, na fedha taslimu zilizopatikana zilipita milioni 600, sehemu yake ikitoka kwa watu wa kawaida waliotuma kidogo kidogo kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba; safari hii kibaba kilijaa mbele ya macho ya taifa zima. Mwaka uliofuata, 2012, ulianzishwa mfumo wa M-Changa, unaomwezesha mtu kufungua harambee ya mtandaoni na wachangaji kuona jumla ikipanda.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa mwaka 2024. Baada ya waandamanaji kujeruhiwa na kuuawa katika maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha, mwanahabari na mwanaharakati Hanifa Adan aliongoza mchango katika M-Changa kwa ajili ya majeruhi na wafiwa. Makumi ya mamilioni ya shilingi yalipatikana kwa siku chache. Yalipozuka maswali kuhusu matumizi, mchanganuo wa hesabu ulitolewa hadharani mtandaoni. Katika mambo hayo mawili, yaani mchango wa 2011 na wa 2024, kuna jambo la kuzingatiwa: baina ya mwenye shida na umma alisimama mtu au taasisi iliyojulikana kwa jina, iliyoweza kuulizwa. Mwosha alikuwapo, ingawa alikuwa na simu mkononi.

Tatizo limo katika michango midogo ya kila siku, ile isiyotangazwa na redio wala kuandikwa magazetini. Hebu ichukuliwe hali isiyo na ugeni wowote katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi. Mtoto wa mpangaji amelazwa na bili inapanda kila usiku. Bima ya taifa ya NHIF ilikuwapo tangu 1966, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini matangazo ya michango ya matibabu hayajakoma. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia hospitalini akina mama wawili walioshindwa kulipa ada za kujifungua kulikiuka haki zao za kikatiba, na bado hofu ya kuzuiliwa imo katika maneno ya waombaji wengi. Mzazi huyo anashauriwa apige picha. Si picha yoyote, bali ile itakayosimamisha kidole cha mtu anayepitisha mamia ya picha nyingine: mtoto akiwa na mirija puani, kidonda kikiwa wazi, mama akilia. Kisha picha inasafiri. Kutoka kundi la ploti inaingia kundi la kanisa, kutoka kundi la kanisa inaingia kundi la waliosoma pamoja, na kufikia jioni imo mikononi mwa watu wasioweza kujua kama mtoto yungali hai, kama bili imelipwa, au kama nambari iliyoandikwa chini ya picha ni ya mzazi au ya laghai aliyeibadilisha njiani.

Mtoto huyo akipona atakua. Atakwenda shule, ataomba kazi, atachumbia au kuchumbiwa, na picha yake itaendelea kuzunguka. Daftari la kamati lilifungwa baada ya arubaini na kusahauliwa katika sanduku. Picha haina arubaini.

Wapo watakaosema kwamba maisha ni bora kuliko heshima, na kwamba anayezama haulizi rangi ya kamba. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadhani kwamba hapana njia ya tatu. Aidha, inampa mtazamaji haki ya kumwona mwenzake uchi kwa sababu tu ametoa shilingi mia. Yaliyotokea kaskazini mwa Uganda mwaka 2012 yanafaa kukumbukwa. Machi mwaka huo shirika la Marekani la Invisible Children lilieneza filamu ya Kony 2012, iliyomhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Lord's Resistance Army. Kwa muda wa siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100, na watazamaji wengi wakaamini kwamba kuisambaza ni kutenda. Mwezi uo huo filamu ilionyeshwa hadharani katika mji wa Lira, mbele ya watu ambao vita hivyo vilikuwa vyao. Walikasirika, mawe yakarushwa, na watu wakatawanyika. Walitarajia kujiona, wakawaona wageni wakihurumiana juu ya mateso yao. Kila picha ya mgonjwa inayozungushwa bila idhini ina kiasi chake cha Lira ndani yake.

Kuchangia na kusaidia

Mwanafunzi wa Kiswahili ana kitu cha kuongeza katika mjadala huu ambacho mwanauchumi hana, nacho ni lugha ya mchango yenyewe. Kitenzi *changa* hueleza tendo la kuweka pamoja. Wanaochanga hutia katika chungu kimoja, na kila mmoja wao ana sehemu yake katika chungu hicho. Kinyambuliwa *changiana* kinaonyesha wazi kwamba tendo huenda na kurudi: leo kwako, kesho kwangu. Hata *harambee* ni sauti ya watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, na si sauti ya mmoja anayemtupia mwingine kamba. Kitenzi *saidia* ni kitenzi kizuri, lakini mwelekeo wake mara nyingi ni mmoja. Pana msaidizi na pana msaidiwa, pana mkono wa juu na mkono wa chini.

Matangazo ya mitaani ya zamani yaliandikwa kwa nafsi ya tatu na kwa lugha ya kuchanga: jirani yetu fulani amepatwa na msiba, tunaombwa kuchanga, tutakutana mahali fulani saa fulani. Matangazo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa nafsi ya kwanza na kwa lugha ya kusaidia: nisaidieni, nimekwama, sina mwingine, tuma chochote. Mabadiliko ya nafsi si jambo dogo la kisarufi. Yanamwondoa jirani katika sentensi. Mhitaji anabaki amesimama peke yake mbele ya hadhira asiyoijua, akijieleza, akijithibitisha na kujiapiza. Na hadhira nayo imepoteza wakati na mahali pa kukutana. Imebakiwa na nambari ya malipo.

Kuna pia orodha. Katika makundi ya WhatsApp, ambayo tangu Novemba 2022 yanaweza kuwa na watu hadi 1024, kila mchangaji hunakili orodha na kuongeza jina lake pamoja na kiasi alichotuma. Orodha hiyo ina sifa ya uwazi, na uwazi ni dawa ya wizi. Lakini inapoanza na watu walioandika elfu tano, mwenye shilingi hamsini hukaa kimya. Katika bahasha, hamsini ilikuwa hamsini tu. Katika orodha inakuwa fedheha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ilhali orodha inasema kinyume chake kila inaponakiliwa. Naye aliyekuwa hana hata hiyo hamsini, ambaye zamani angekesha na wafiwa au kupasua kuni, hana safu ya kuandikiwa mkesha wake. Hivyo, mtandao uliopanua ushiriki kwa walio mbali umeupunguza kwa maskini aliye mlango wa pili.

Utanzu usiofundishwa

Kwa miaka mingi karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya imemtaka mtahiniwa aandike insha ya kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, hotuba, tahadhari, baruapepe. Mwanafunzi huhitimu akijua mahali pa kuweka anwani na mtajo. Lakini tangazo la mchango, ambalo pengine ndilo andiko la kiuamilifu linaloandikwa mara nyingi zaidi katika mitaa ya Nairobi, halijapewa nafasi katika mafunzo hayo kama utanzu wenye kanuni zake. Wasomi wa isimujamii wamechambua sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya matatu. Sajili ya maombi ya msaada inastahili uangalifu uo huo, tena kwa sababu iliyo nzito zaidi: humo ubora wa maandishi una matokeo ya uhai na kifo.

Ukweli huo haupendezi kuutamka. Mtandao ni soko la usikivu, na katika soko hilo hashindi mwenye shida kubwa bali mwenye masimulizi bora. Anayejua kujenga taharuki, anayejua kuanza na jina la mtoto badala ya jina la ugonjwa, aliye na rafiki mwenye wafuasi wengi, huyo hupata. Mzee asiye na simu ya intaneti, au mama anayezungumza Kiswahili cha kubabaisha na asiyejua kuandika, hukosa, hata kama bili zao ni sawa. Jirani aliyekwenda kumtazama mgonjwa hakuhitaji ufasaha wa mgonjwa ili amhurumie. Msomaji wa mtandaoni anauhitaji. Kwa maneno mengine, fani imeanza kugawa dawa, na wanafunzi wa fasihi ndio wanaopaswa kushtuka kwanza.

Lipi lifanywe

Makala haya hayapendekezi kurudi kwenye daftari. Jiji halirudi nyuma, na simu imeokoa watu wengi ambao daftari lisingewafikia, hasa mgeni asiye na ukoo mjini na mgonjwa aliyetengwa na majirani zake. Linalowezekana ni kumrudisha mwosha ndani ya simu.

Kwanza, tangazo liandikwe na mtu mwingine, kwa nafsi ya tatu, naye ajitaje na awe tayari kuulizwa: jirani, mwenyekiti wa chama cha ploti, katibu wa jumuiya ya kanisa au ya msikiti. Pili, badala ya picha ya kidonda kiwekwe kitu kinachothibitisha bila kudhalilisha. Panapowezekana, fedha zitumwe moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya hospitali au ya kamati, si ya mtu binafsi. Tatu, mchango uwe na siku ya kufungwa. Hesabu itolewe, shukrani zitolewe, na kila aliyepokea tangazo aombwe kulifuta. Nne, orodha ioneshe majina bila viwango, au viwango bila majina, na iwe na nafasi ya wanaojitolea kwa nguvu zao: nani atakwenda hospitalini Jumanne, nani atabaki na watoto wa jirani. Tano, picha ya mtoto isizungushwe ovyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Idhini ya mzazi aliyebanwa na bili usiku wa manane ni idhini dhaifu, na anayeipokea anapaswa kujua hivyo.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi hapa isiyohitaji ufadhili wa mtu. Kila muhula vyama hivi huandaa makongamano, mashindano ya ushairi na ziara. Vinaweza pia kuandaa vielelezo vya tangazo la mchango kwa Kiswahili chepesi, vikavipeleka kwa machifu, makanisa, misikiti na vyama vya wapangaji katika mitaa kama Kabiria, na kumfundisha katibu wa ploti kuandika habari ya mgonjwa kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe akipona hatayaonea haya. Wahadhiri wa stadi za uandishi nao wanaweza kulipa tangazo hili juma moja katika kozi zao, liwekwe kando ya kumbukumbu na hotuba. Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja na mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa kabla ya kuandika.